Jiwe Lililotoboa Bati la Mama Masika

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, siku niliyoiba jiwe. Usicheke. Najua unajiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeiba jiwe katika nchi hii, ambapo mawe tunayatoa hata kwenye maharagwe kabla ya kupika. Ngoja nikueleze taratibu. Mambo haya sijawahi kuyasimulia yote kwa mtu mmoja, na leo umenikuta nimeshiba na magoti hayaniumi.

Ilikuwa miaka ya vita. Wewe hukuwa umezaliwa bado. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mke, nina mashati mawili mazuri na maneno mengi. Nilifanya kazi Butembo, kwa mfanyabiashara mmoja aliyenunua madini. Mawe yalikuja kwenye magunia yakiwa yamejaa udongo, nami niliyasugua kwa mchanga na maji mpaka yang'ae, ndipo tajiri wangu aseme hili zuri, hili takataka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote, kuosha. Lakini siku zile kijana aliyeshika madini ya coltan mkononi alijiona waziri. Nilipopanda nyumbani nilivaa viatu vya ngozi hata shambani, na marehemu baba alikuwa akinitazama tu na kutikisa kichwa.

Kijiji chetu kiko juu ya kilima, kando ya barabara inayotoka Butembo kwenda Beni. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Masika, mjane. Kijiji kizima, ni nyumba yake peke yake iliyokuwa na bati la rangi nyekundu. Mumewe alilipaka kwa mikono yake mwaka ule ule aliofariki, na yule mama alilipenda bati lile kiasi kwamba mvua ikikatika alitoka nje kulitazama lilivyooshwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Kambale, rika langu. Tulikaa dawati moja katika shule ya misheni, tukachapwa fimbo za kosa moja, tukalia pamoja na kucheka pamoja. Kambale alikuwa fundi wa redio. Chumba chake kilikuwa na meza moja iliyofunikwa na nyaya, betri zilizokufa na matumbo ya redio za watu. Vita vilimfanya kila mtu atake kusikia habari, kwa hiyo kazi hakukosa.

Jumanne hiyo nilikuwa nimepanda nyumbani kuchukua gunia dogo la maharagwe ya mama. Saa nne asubuhi, jua kali, hakuna wingu. Tukasikia mngurumo, kama lori linaloteremka mlima bila breki, lakini mngurumo ulitoka juu. Halafu mishindo mitatu, pum, pum, pum, mpaka mbuzi wakakata kamba. Vita vilikuwa vimetufundisha. Hakuna aliyeuliza ni nini, wote tulilala kifudifudi kati ya matuta, mimi pamoja na viatu vyangu vya ngozi. Kisha tukasikia pigo moja kwenye bati la jirani, na baada yake kimya kabisa.

Mama Masika alikuwa shambani upande wa pili wa njia, anachimba viazi vitamu. Kambale alikuwa ameteremka barabarani kumpelekea mtu redio yake. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na kwa kuwa nilitaka wasichana wa kijiji waone kwamba kijana wa Butembo haogopi, niliinuka wa kwanza nikakimbilia ndani.

Mwanga ulikuwa ukishuka kutoka kwenye tundu la bati mpaka sakafuni. Meza ya Kambale ilikuwa imevunjika mguu, nyaya zimetawanyika kila mahali, na kwenye sakafu ya udongo, ndani ya shimo lenye kina cha kiganja, palikuwa na jiwe jeusi. Ukubwa wake ulikuwa kama viazi viwili vikubwa vilivyoshikana. Nilidhani litaniunguza. Halikuwa na moto hata kidogo, lilikuwa vuguvugu tu, na zito kuliko lilivyoonekana.

Hapo, mwanangu, tamaa ikaniingia. Maana kule kazini kwetu madereva wa malori walikuwa na mzaha mmoja. Mtu akileta jiwe jeusi lisilo na thamani walimwambia, peleka Beni kwa Mwalimu wa vimondo. Walisema yuko mwalimu mmoja mzee anayekusanya mawe yanayoanguka kutoka angani, na kwamba wenzake wa Ulaya hununua mawe hayo kwa bei inayozidi dhahabu. Nilikuwa nimecheka pamoja nao. Sasa nilikuwa nimelishika lenyewe. Nikajiambia, nikiliacha hapa chifu atalichukua, au askari watalichukua, na Mama Masika hatapata kitu. Ona jinsi nilivyomhurumia. Nikaliweka chini ya shati, nikatokea mlango wa nyuma, nikalizika ndani ya gunia langu la maharagwe.

Saa moja haikupita kabla askari hawajapanda kutoka kwenye kizuizi cha barabarani. Walikuwa askari waliotawala upande wetu siku zile, na mshindo ule ulikuwa umewatia wasiwasi. Wakaingia kwa Mama Masika. Wakakuta bati limepasuka, meza imevunjika, nyaya, betri. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Wakati huo huo Kambale akawa anarudi zake anapiga mluzi.

"Weye njo fundi wa bombe," askari mmoja akamwambia. "Imekupasukia mu nyumba."

"Bombe gani? Miye natengeneza redio," Kambale akajibu.

Mama Masika alikuwa amefika na udongo wa viazi mikononi. Alisema kwa sauti ya heshima, kama anavyosema mtu aliyezika mume na anayejua kupoteza. "Baba, kintu imetoka juu. Niliona moshi yake mu mbingu. Imeanguka ku manjanja yangu," akanyosha kidole kwenye bati lake.

"Iko wapi sasa hiyo kintu?"

Wakaitafuta. Siwezi kusema hawakuitafuta. Walipekua chini ya kitanda, wakachokora lile shimo kwa kisu, wakamwaga mpaka chungu cha maji. Mama Masika naye alitafuta nao, kwa magoti, anapapasa sakafu. Mimi nilisimama mlangoni kati ya watu, gunia langu likiwa hatua kumi nyuma yangu. Wakamfunga Kambale mikono kwa waya wake mwenyewe, wakang'oa lile bati lenye tundu kama ushahidi, wakaondoka na vyote. Mkubwa wao akamwambia mama yake kwamba kijana atalala Beni kambini, na Ijumaa atapelekwa mbele, bila kusema ni wapi. Kijijini kwetu watu watatu walikuwa wamekwisha kupelekwa mbele, na hakuna aliyerudi hata mmoja.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Hata mimi najiuliza mpaka leo. Dakika ya kwanza niliogopa askari. Dakika ya pili niliogopa aibu. Baada ya hapo ilikuwa vigumu zaidi kila dakika, kwa sababu ingebidi nieleze pia kwa nini sikusema dakika iliyotangulia.

Jioni ile nilishuka kijitoni kuliosha jiwe. Mchanga, maji, sabuni ya kufulia, kama nilivyoosha mawe yote maishani mwangu. Nililisugua kwa nguvu, nilitaka ling'ae, nisije nikaonekana mshamba mbele ya mnunuzi. Kwenye pembe moja palikuwa na alama nyekundu ya mkwaruzo, nayo haikutoka. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Nilijua ni rangi gani.

Asubuhi ya Jumatano nikapanda lori la kabichi kwenda Beni. Tulipoanza kuteremka nilikuwa nimekata shauri: nitauza, na pesa zote nitampa Mama Masika azitumie kumtoa mwanawe. Tulipopita soko la Maboya, pesa za kumpa zilikuwa zimebaki nusu. Joto la Beni lilipoanza kutupiga usoni, nilikuwa najiambia kwamba mtu anayejaza chumba nyaya wakati wa vita naye anajitafutia. Hivyo ndivyo moyo wa mtu unavyoteremka mlima, mwanangu, na mimi nilikaa juu ya kabichi nikiutazama.

Nyumba ya Mwalimu Katembo ilikuwa nyuma ya soko. Alikuwa mzee mwembamba, mstaafu, aliyefundisha sayansi miaka mingi na ambaye bado alikuwa na vumbi la chaki kwenye koti, sijui alilitoa wapi. Ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa na mikebe mitupu ya maziwa iliyopangwa kwenye mbao. Kila mkebe ulikuwa na kipande cha jiwe ndani na karatasi nje: siku, mahali, aliyeona, na alichokuwa akifanya. Niliusoma mmoja wakati ananitengenezea chai. Uliandikwa kwamba mwanamke mmoja wa Kamango alikuwa akitwanga muhogo, akasikia ngurumo, akaacha mchi ukamwangukia kidole. Mwalimu aliandika mpaka kidole kilikuwa cha mguu gani.

Hakuwa peke yake katika ugonjwa huo. Walikuwa wanne. Yeye, muuguzi mmoja wa Kamango, mchungaji mmoja wa Eringeti, na dereva wa lori ambaye ndiye aliyekuwa posta yao, kwa sababu posta yenyewe ilikuwa imekufa. Walipelekeana punje za mawe ndani ya vichupa vya dawa, pamoja na barua ndefu za ugomvi. Mwalimu Mkatoliki na mchungaji Mprotestanti hawakugombana kuhusu dini hata siku moja, lakini walinuniana zaidi ya mwaka mzima kuhusu jiwe moja ambalo mmoja alisema ni kimondo na mwingine akasema ni taka ya chuma ya mhunzi wa zamani. Waliposalimiana tena, kila mmoja alikuwa bado na msimamo wake. Niliwapenda sana watu wale baadaye. Nchi ilikuwa inaungua, watu wanauana kwa ajili ya mawe ya chini, na wao walikuwa wanaandikiana kwa upole kuhusu mawe ya juu.

Nilitoa jiwe langu kutoka kwenye maharagwe nikaliweka mezani. Mwalimu alivaa miwani. Hakuligusa kwanza. Alizunguka meza, akainama, akalitazama ganda lake jeusi jembamba, na pale lilipokuwa limemeguka kidogo akaona kijivu chenye vitone vya chuma vinavyometa. Kisha alilinusa.

"Umeiosha na nini?"

"Na muchanga, Mwalimu. Na sabuni."

"Jiwe imetoka kule yote bila kuoga, na weye unaipatia sabuni." Lakini hakukasirika. "Hii njo yenyewe, mutoto yangu. Yote iliyo mu mikebe hii ni ya kuokota, bantu baliokota kisha miezi, kisha miaka. Haijafika siku moja jiwe mupya namna hii ku meza yangu. Niko nayingojea tangu nilikuwa kijana."

Akachukua daftari na kalamu. Nilifikiri sasa tutaongea bei. Akauliza siku. Nikasema Jumanne, saa nne. Akauliza mahali.

"Mu shamba yetu. Kati ya maharagi."

Akaandika. "Na weye ulikuwa nafanya nini?"

"Nilikuwa nalima."

Akatazama viatu vyangu vya ngozi, akaandika. Kisha akaligeuza jiwe polepole kwa ncha ya kidole mpaka ile pembe ikawa mbele yangu.

"Na hii rangi? Kwenu munapakaka maharagi rangi mwekundu?"

Mwanangu, nimetukanwa maishani, nimepigwa, lakini hakuna kilichonivunja kama swali lile lililoulizwa kwa upole na mzee aliyenimiminia chai. Nilitaka kucheka, nikashangaa nalia. Nikamwambia yote: bati, Kambale, nyaya, Mama Masika akipapasa sakafu kwa magoti. Ilinichukua muda mrefu, na yeye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alichora mstari mmoja juu ya yale aliyokuwa ameandika.

"Donc mutu iko mu kasho, bamemufunga juu ya hii jiwe," akasema, "na weye uko nakunywa chai yangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Bon. Maliza chai. Kesho asubui tunaenda kambini. Miye nitabeba jiwe. Maneno utabeba weye."

Nilimwomba aende yeye peke yake, aseme liliokotwa njiani. Alinijibu kwa neno moja tu, hapana, akaenda kunitandikia mkeka.

Asubuhi nilimkuta mezani. Alikuwa amelichora jiwe kwenye daftari kwa pande zake zote, na ile pembe nyekundu ameitia rangi kwa kalamu ya kusahihishia wanafunzi. Nikamuuliza kama wale askari watalirudisha. Akasema hapana tena, akatabasamu kidogo, akalifunga kwenye kitambaa cha meza na kulitia ndani ya kikapu cha mkate. Nilikuwa nimekuja kumuuzia jiwe, na sasa nilimwona akilipeleka bure mahali ambapo lingepotea, jiwe alilolingojea tangu ujana, kwa ajili ya kijana asiyemjua. Nilijiona mdogo sana.

Kwenye lango la kambi alikuwepo Mama Masika. Alikuwa hapo tangu Jumatano, amekaa kwenye jiwe na chungu kilichofungwa kwenye kitenge, kwa sababu walikuwa wamekataa kumruhusu ampe mwanawe chakula. Usiku alilala kwa watawa, asubuhi akapika tena. Aliponiona aliinuka, uso ukamchangamka.

"Kakule, mutoto yangu. Umekuja juu ya ndugu yako. Wasingya," akanishukuru kwa Kinande chetu, akanishika mikono yote miwili.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu alikuwa amefundisha nusu ya makarani wa mji ule, na mmoja wao ndiye aliyetuingiza, sisi watatu. Kamanda alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Bati jekundu lilikuwa limeegemea ukuta wa ofisi yake. Mwalimu alisalimia kwa adabu, akaomba ruhusa, akafungua kikapu. Alieleza kama anavyoeleza darasani. Akaonyesha kwanza kingo za lile tundu.

"Angalia, mon commandant. Kama bombe ingepasukia mu nyumba, manjanja ingefunguka kwenda inje. Hii yote imeinama ndani. Kintu ilitoka juu."

Kisha akalipitisha jiwe kwenye tundu, akiligeuza kidogo huku na huku, mpaka ile pembe nyekundu ikakaa sawasawa mahali ambapo bati lilikuwa limekwanguka rangi. Karani aliyesimama mlangoni akasema ah kwa sauti ya chini. Mama Masika alishika mdomo.

Kamanda alilitazama jiwe kwa muda. Akaagiza Kambale aletwe. Alikuja na jicho moja limevimba na kufumba, na lile jingine liliponiona lilifurahi. Nawe ujue nilikuwa bado na nafasi ya kunyamaza. Mwalimu alikuwa amesema vizuri kiasi kwamba nilianza kuamini kazi imekwisha.

"Bon," akasema kamanda. "Nasikia. Mais askari zangu balitafuta nyumba yote, mpaka mu maji ya kunywa. Hii jiwe ilikuwa wapi?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama ncha za viatu vyake, ametulia, hana haraka, kama mtu anayesubiri mwanafunzi mzito ubaoni. Nikaelewa kwamba hatanisaidia hata tukikaa pale mpaka jioni, na kwamba kamanda asipopata jibu, jiwe lile halitamwokoa mtu. Ingeonekana mwalimu mzee ameokota jiwe lolote na kulipaka rangi.

"Ilikuwa mu gunia yangu ya maharagi," nikasema. "Miye niliyiiba. Nilikuwa pale wakati munamufunga Kambale. Niliona yote na nikanyamaza."

Sikuthubutu kumwangalia Mama Masika. Nilimsikia tu akivuta pumzi.

Kamanda hakupiga kelele. Alimwelekezea Kambale kidole: "Weye, toka." Akanielekezea mimi: "Weye, ingia."

Ndivyo nilivyobadilishana na rafiki yangu. Walinipitisha kwenye ua, kuelekea chumba cha kufungia watu, na nilipofika mlangoni nikasikia Mama Masika anamwita askari. Nilifikiri anataka kunitukana, na nilikuwa tayari, ningeona ni haki yake. Alikuwa amefungua kitenge chake. Kambale alikuwa amekaa chini karibu naye na bonge la ugali mkononi, anakula kama mtu ambaye hajaona chakula tangu Jumanne. Yule mama akagawanya kilichobaki, sombe, yaani majani ya muhogo, na ugali, akakifunika kwa sahani, akamnyooshea askari.

"Mupe na huyu."

"Mama, huyu njo mwizi yako," askari akasema.

"Najua. Niko nasikia na masikio yangu. Lakini hajakula."

Nilikula sombe ile nimekaa kwenye saruji, na machozi yakaingia ndani ya sahani. Nilimpenda yule mama siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na nilimwogopa pia.

Nilikaa siku nne. Ijumaa ilifika na hawakunipeleka mbele. Nadhani kamanda aliona mwizi wa jiwe ni kichekesho zaidi kuliko hatari. Chakula kililetwa kila siku na Kambale mwenyewe, aliyekuwa amefikia kwa Mwalimu. Siku ya kwanza alisukuma sahani chini ya mlango akaondoka bila neno. Siku ya pili alikaa nje ya mlango akanipa habari zote alizosikia redioni, kwa sauti kavu, kama mtangazaji. Siku ya tatu akasema jicho lake linaanza kuona, na kwamba nitamtengenezea meza. Nikasema nitatengeneza. Halafu akaniuliza kama ni kweli niliosha jiwe la mbinguni kwa sabuni ya kufulia. Nikakiri. Alicheka mpaka askari akamgombeza, na mimi nikacheka upande wangu wa mlango, nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja.

Nilipotoka nilitengeneza meza. Nilinunua bati, nikapanda juu ya nyumba ya Mama Masika, nikalipigilia, na yeye akasimama chini akinielekeza nilipake rangi vizuri zaidi, pale, hapana, pale. Mpaka alipofariki hakuwahi kunisimanga. Lakini hakujifanya kwamba halikutokea. Mara moja tu aliniambia, tukiwa tunachambua maharagwe, kwamba lile lililomuuma halikuwa wizi. Ilikuwa yeye kutambaa sakafuni akitafuta, na mimi nasimama mlangoni naangalia. Alisema hivyo bila hasira, akaendelea kuchambua.

Jiwe lilibaki kwenye meza ya kamanda, akizuia nalo karatasi zisipeperuke. Jeshi lile lilipoondoka, liliondoka nalo. Mwalimu Katembo alipata chembe moja tu, ndogo kuliko punje ya maharagwe, iliyokuwa imedondoka kwenye kikapu cha mkate. Aliitia kwenye mkebe wake, na yule mchungaji wa Eringeti alisafiri mpaka Beni, pamoja na hatari zote za barabara ile, kuja kuitazama kwa dakika kumi na kunywa chai. Nilikuwepo. Nilisoma karatasi. Iliandikwa: aliyeona, Mama Masika, alikuwa akichimba viazi vitamu, aliyeiba, Kakule, mwosha mawe, ambaye alisema mwenyewe mbele ya watu. Nilimsihi aondoe jina langu. Akasema hapana. Akasema yeye hakusanyi mawe peke yake, anakusanya na ukweli wake, na jiwe lisilo na ukweli wake ni zito tu, halina kazi nyingine. Baada ya hapo alinionyesha yale maneno sita ya mwisho, akiyagonga kwa kidole. "Hii njo sehemu nzuri," akasema.

Sasa mwanangu, nisikilize vizuri, maana nimekuchosha na habari za zamani ili nifike hapa. Kitu ukikiokota, kabla hujakitia mfukoni, jiulize ni nani atakayepiga magoti kukitafuta. Usijidanganye kwamba kunyamaza si kufanya kitu. Mimi sikumpiga Kambale hata kofi, lakini lile jicho lililovimba nililivimbisha mimi, nikiwa nimesimama mlangoni mikono mitupu. Ukikosea, na utakosea, usisubiri mtu akuulize. Sema dakika ya kwanza, kwa sababu ya pili ni nzito zaidi. Na kama umechelewa, kama mimi, sema hata kwa kuchelewa, sema kwa mdomo wako mwenyewe, wala usimtafute mzee wa kukusemea. Na siku ambayo mwingine atasimama mbele yako aseme ni yeye aliyekukosea, usianze na matusi uliyoyaandaa. Mwangalie kwanza kama amekula.

Mungu akujalie majirani wa namna ya Mama Masika, na akuepushe kuwa jirani wa namna yangu. Akupe mikono inayorudisha, na akupe rafiki atakayekaa nje ya mlango wako siku yako mbaya akikusimulia habari. Uishi mwaka hadi mwaka, uzeeke, ushibe, na uwe na la kuwaambia watoto wako bila kuficha jina lako. Nenda na baraka yangu, mwanangu.